Njia ya Jeshi ya Shemasi Rausch

Katika wilaya yetu, mwulize mtoto yeyote wa darasa la nne askari wa zamani walipita wapi na magari yao ya nyumbu, naye atakuonyesha kilima cha Delmar Rausch bila kufikiri. Atakwambia kwamba mwaka 1866 jeshi lilifungua njia kutoka Ngome ya Tolliver hadi Ngome ya Beecham, maili mia moja na arobaini za nyasi tupu, na kwamba mifuo iliyochimbwa na magurudumu bado ipo pale, miwili sambamba, kila mmoja unakufika gotini. Anajua kwa sababu alipelekwa kwa basi la shule mwezi wa Mei, akala biskuti, akajisaidia nyuma ya ghala la Delmar, akarudi na donge la udongo mfukoni. Mimi pia nilipelekwa nikiwa na miaka tisa. Nilirudi na kupe.

Jina langu ni Ardith Koehn. Nilikaa posta miaka thelathini, barua za watu wote hapa zimepita mikononi mwangu na sikufungua hata moja, ingawa zipo zilizonitia majaribuni. Siku hizi ni katibu wa Chama cha Historia. Mwenyekiti ni Vernon Schoff, ambaye hasikii vizuri na hataki kuambiwa.

Delmar wakati ule, mwaka 1996, alikuwa na miaka sabini na sita. Hakuwahi kuoa, hanywi, hachezi dansi, na ekari nne za udongo bora kuliko wote aliokuwa nao hakuzigusa kwa jembe hata siku moja, kwa sababu ndizo zenye mifuo. Ngano ilizunguka ule ukanda wa nyasi pande zote. Baba yake, Shemasi Conrad Rausch, ndiye aliyeitambua njia ya jeshi na kuutangazia ulimwengu, na mwaka 1931 akina mama wa mjini wakaweka jiwe la kumbukumbu. Shemasi alipokuwa anakufa alimwambia Delmar asilime pale. Hiyo ilikuwa amri, na Delmar kwa amri za baba yake hajambo.

Sasa aliyempinga. Opal Tibbets, mjane, jirani yake wa upande wa kusini kwenye shamba alilorithi kwa babu yake, alikuwa anasimama kila mkutano, miaka thelathini, kusema kwamba jeshi halikupita kwa Delmar, lilipita kwake yeye, kwenye kivuko cha mawe nyuma ya banda la nguruwe. Akiulizwa amejuaje, jibu lake lilikuwa moja, "Najua tu." Watu walisema ana kinyongo. Mwaka 1946 alikuwa karibu kuolewa na Delmar, keki imeshaagizwa, kisha Shemasi akakataza. Opal alizaliwa Haskett, na akina Haskett walikuwa wapika gongo maarufu kuliko wote Kansas ya magharibi, enzi zile pombe ikiwa marufuku jimbo zima. Shemasi alisema damu ya gongo haitaingia nyumbani kwake. Delmar akatii. Opal akaolewa na muuza matrekta, mtu mwema asiye na mazungumzo, akamzika mwaka wa sabini na tisa.

Mwaka huo wa 1996 serikali ya jimbo ikatangaza kwamba itaweka bango kubwa la chuma lenye ramani, moja tu kwa wilaya yetu, mahali ambapo njia ya jeshi ilipita kwa hakika. Wangemtuma mtaalamu kuhakikisha. Delmar alinyoa ndevu, akapaka rangi lango la shamba, akanunua kofia. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka.

"Ardith," aliniambia, "nikiliona lile bango limesimama, hata nikifa kesho yake siwezi kulalamika. Nitakuwa nimeitunza kauli ya baba."

Mtaalamu alifika Jumamosi saa tatu asubuhi. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini, Bi Lindqvist, mpole kama muuguzi aliyeficha sindano mgongoni. Tulikuwa wanne wa kumpokea kilimani: Delmar na kofia yake, Vernon, mimi na daftari, na Opal, ambaye hakualikwa.

Bi Lindqvist alisimama katikati ya mifuo akatazama dira yake. Akaitikisa. Akaitazama tena.

"Mzee Rausch, ngome moja iko mashariki na nyingine magharibi, sivyo?"

"Ndivyo."

"Lakini njia hii inaelekea kusini."

"Walikuwa wanakwepa kinamasi."

Binti wa watu alitazama huku na huku. Kwetu ukitaka kuona maji yaliyotuama, unasubiri mtu asahau kufunga bomba. "Kinamasi gani?"

"Kilikauka."

"Lini?"

"Kabla hujazaliwa, binti yangu."

"Na kabla Mungu hajaumba dunia," alisema Opal nyuma yetu.

"Opal, nyamaza. Umesimama kwenye shamba langu."

"Nimesimama kwenye kinamasi chako, Delmar. Nishike mkono, nazama."

Bi Lindqvist akatoa mashine ya kutafutia vyuma, ile ya mpini mrefu inayolia ikikuta kitu ardhini, akaanza kuipitisha juu ya mifuo. Ililia haraka. Delmar akapiga magoti kwa shida akachimba na kisu chake, uso umewaka kwa furaha, maana alitegemea kiatu cha chuma cha nyumbu wa jeshi au kifungo cha koti la askari. Akatoa kifuniko cha zinki. Kile cha chupa zenye mdomo mpana, ambazo kila mama hapa huhifadhia matunda.

"Mtu alikuja pikiniki," alisema, akakitupa.

Mashine ikalia tena, kifuniko. Ikalia tena, kifuniko. Ilipofika saa nne na nusu tulikuwa na vifuniko arobaini na kimoja kwenye ndoo, na hakuna kitu kingine chochote.

"Pichi," alisema Delmar. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia mpya. "Askari walikuwa wanakula pichi za chupa. Ilikuwa inajulikana."

"Nani anauza pichi?" aliuliza Vernon.

"Hakuna anayeuza pichi, Vernon!"

Kisha Bi Lindqvist akaokota kitako cha chupa kilichovunjika, akakifuta kwa kidole. Kilikuwa na nembo. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba kiwanda chenye nembo ile kilifunguliwa mwaka 1919. 

Tukashuka hadi kwa Opal, kwa sababu binti alitaka kuona na upande wa pili kabla ya kuamua. Opal aliwafukuza nguruwe kwa ufagio, na pale kwenye kivuko cha mawe, kabla hata sijafungua ukurasa mpya, mashine ilitoa viatu viwili vyembamba vya chuma vya nyumbu, kifungo cha shaba chenye tai, na risasi butu ya bunduki ya zamani. Mifuo haikuwepo. Nguruwe wa vizazi vinne walikuwa wameshaifukua yote. Delmar alikishika kile kifungo kwa muda mrefu, akakirudisha, akaenda kwenye gari lake. Nilimhurumia.

Mkutano wa uamuzi ulikuwa saa tano na nusu, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Palikuwa na kahawa, na ile mikate yetu iliyojazwa nyama na kabichi, na wanachama kumi na sita, ambao kumi na nne walikuja kwa ajili ya mikate. Bi Lindqvist alieleza alichokiona, kwa upole, bila kumtaja mtu. Alipomaliza, Delmar akasimama.

Nilijua kutakuwa na balaa kwa jinsi alivyoivua kofia.

"Vifuniko vile vimepandwa," alisema. "Kuna ukoo hapa ulikuwa na chupa za namna ile kwa maelfu, na kila mtu anajua walikuwa wanatia nini ndani. Miaka thelathini mwanamke huyu anataka kuniharibia. Ardith, andika kwenye kumbukumbu: ukoo wa Haskett walimwaga takataka zao za ulevi kwenye njia ya jeshi kwa makusudi."

Nikaweka kalamu chini. "Siandiki."

"Wewe si katibu?"

"Ni katibu, si kasuku. Kaa chini ule mkate."

"Baba yangu hakusema uongo hata siku moja maishani mwake! Alisema ni njia ya jeshi, basi ni njia ya jeshi. Alisema akina Haskett ni watu wa hovyo, na mimi nikamsikiliza, na sasa naona…" Hapo akakwama. Hata yeye alisikia anakoelekea. Kila mtu ukumbini alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Opal alikuwa amekaa karibu na birika la kahawa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mfupi, mikono kama ya mpasua kuni. Akaweka kikombe chake mezani, akasimama.

"Delmar, kaa chini."

"Sikai."

"Basi shika kiti, usije ukaanguka." Alisubiri mpaka akashika. "Kila Alhamisi saa nane mchana, baba yako alikuwa anakuja kwenye ghala la babu yangu na gari la nyumbu wanne. Anapakia chupa mia mbili za gongo, anazifunika kwa majani makavu, anapandisha kilima, na Ijumaa anazifikisha relini. Miaka kumi na moja hakukosa wiki, isipokuwa wiki ya Pasaka, alikuwa na zamu ya mahubiri. Kilima chenu ni udongo laini, Delmar, na gongo ni zito. Zikapasuka nyingi njiani, vifuniko ndivyo hivyo."

"Nini? Kasema nini?" aliuliza Vernon.

"Gongo!" tulimjibu watu kumi.

"Mkuu wa polisi akaja kuuliza," Opal akaendelea. "Akasema, Shemasi, mbona kuna njia imechimbika hivi kati ya ghala lako na ghala la Haskett? Baba yako akatazama mbinguni, akasema, 'Hiyo ni ya jeshi, bwana mkubwa. Mashujaa walipita hapa.' Mkuu wa polisi akavua kofia kwa heshima. Wiki iliyofuata ikawa gazetini. Halafu akina mama wakaleta jiwe, ungefanya nini? Akaliombea dua."

Vernon, ambaye sehemu hiyo aliisikia vizuri kabisa, aliangua kicheko mpaka kabichi ikamtoka. "Akaliombea dua!"

Sikucheka. Nilikuwa nawaza jinsi yule Shemasi alivyonisimamisha mbele ya kanisa nikiwa na miaka kumi na nne kwa kuvaa sketi iliyoonyesha magoti. Amekufa, Mungu amrehemu, lakini ningemfufua dakika tano tu nimwambie maneno mawili matatu.

"Uongo," alisema Delmar. Haikuwa sauti kubwa. "Baba alikuwa anabeba molasi. Molasi ya ng'ombe. Nilipanda naye mimi mwenyewe, nikiwa na miaka saba. Nilikaa juu ya majani na akaniambia nisirukeruke."

Bi Lindqvist akauliza taratibu, "Molasi ilikuwa imetiwa kwenye nini, mzee?"

"Kwenye chupa," alisema Delmar. "Za matunda."

Ulikuwa unamwona kabisa anavyoyasikia maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Aliketi.

"Alikuwa anaimba," alisema, akiwa haongei na mtu. "Nyumbani hakuimba. Hata kanisani wimbo ukianza anafumba mdomo. Lakini njia ile, tukirudi, alikuwa anaimba mpaka nyumbu wanageuza masikio. Nilidhani anawaimbia askari."

"Alikuwa anaonja," alisema Opal, bila dhihaka yoyote.

Delmar akatoa sauti iliyonifanya nisimame kwa haraka, nikidhani ni moyo. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, na akayaacha yashuke tu, mzee wa watu, mbele ya mikate na watu wote.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku baba yako alipokuja kwetu kuniambia nikuache. Alikaa sebuleni akasema damu ya gongo haiingii kwake, na kiti alichokalia kilinunuliwa kwa pesa ya Alhamisi. Baba yangu alinyanyuka amkamate shingo amlete mpaka kwenu, aje akwambie mwenyewe. Mimi ndiye niliyemshika baba mkono."

"Kwa nini, Opal?"

"Ulikuwa umetoka vitani wiki tatu. Huli. Mlango ukifungwa unaruka chini ya meza. Hukuwa na kitu kilichosimama wima isipokuwa baba yako." Akameza mate. "Ningekiangusha hicho?"

"Ungekiangusha baadaye basi. Mwaka wa hamsini. Mwaka wa sitini!"

"Baadaye nilikuwa na mume. Na wewe ulikuwa na mifuo."

"Na miaka thelathini yote hii unasimama kunipinga?"

"Nilitaka ulime ngano yako, mjinga wewe! Ekari nne! Kila mavuno napita nazitazama, naumwa tumbo. Nilidhani nikikupinga sana utachoka. Sikujua una kichwa kigumu namna hii. Afadhali ningesema tu."

Mtu alipenga kamasi kwa kishindo. Alikuwa Vernon. Kisha akakumbuka yeye ni mwenyekiti, akagonga meza kwa kijiko, akasema serikali inasubiri jibu, bango liende wapi, wanaounga mkono kivuko cha mawe wanyooshe mikono.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Tulimwangalia Delmar. Aliutazama mkono wake kama anaukagua kwanza, akaunyoosha juu kabisa, na sisi sote tukafuata.

"Wanaopinga?"

Opal akanyoosha. "Sitaki mabasi ya shule kwenye nguruwe wangu."

"Imepita," alisema Vernon, na hiyo sijui aliisikia au hakuisikia.

Niliandika yote. Nilipomaliza kuosha vikombe watu walikuwa wameshaondoka, na nikatoka nje nifunge mlango. Jua lilikuwa kali. Delmar alikuwa amesimama kando ya pikapu ya Opal, kofia mkononi, na Opal yuko nyuma ya usukani na kioo ameshusha. Ningeweza kuwaacha nikapita mlango wa mbele. Sikupita.

"Ile njia kwenu ilikuwa inaishia wapi?" Delmar alikuwa anauliza.

"Mlango wa nyuma wa ghala."

"Kutoka kwetu ni umbali gani?"

"Maili moja na nusu."

Aliutazama upande wa kusini, ambako mashamba yanaanza. "Nyumbu wa baba walikuwa wanafika kwa nusu saa," alisema. "Mimi miaka hamsini."

Opal aliinama upande wa pili akatoa kilichokuwa kwenye kiti cha abiria, gunia la chakula cha nguruwe na glavu zake, akavitupa nyuma. Kisha akamfungulia mlango.